Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Kituoni walikuwa na mazoea yao: kesi ikinuka wivu, anapewa Sindano. Hakuna aliyekumbuka nani alimpachika jina hilo. Alikuwa sajini wa upelelezi, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na maswali yake yalikuwa madogo madogo. Mtu aliyachukulia kama maongezi tu, mpaka ahisi yamekwisha kumtoboa.

Jumanne asubuhi fundi wa friji aliingia ofisini kwake na mfuko wa kitambaa cha maua, kaushika kwa ncha za vidole viwili kama aliyebeba panya aliyekufa. Aliuweka mezani akarudi nyuma hatua mbili. Akaeleza kwamba mke wake yuko hospitali siku ya tatu sasa. Amejifungua wiki tano tu zilizopita, titi limevimba, mwili unawaka moto, na dawa hazimwingii. Aliyemfanyia hivyo anamjua. Ni mtalaka wake, mshonaji wa nguo, mama wa binti yake wa miaka mitano. Ijumaa iliyopita alimpa mtoto mfuko huo ampelekee mama yake mdogo, ati mna mafuta ya kumpaka kichanga. Jumapili mke akazidiwa.

"Aliyapaka?" Sindano akauliza.

"Tangu mfuko ule uingie ndani, afande, nyumba yangu haijalala."

"Sikuuliza nyumba. Mkeo aliyapaka?"

Fundi akakuna shingo. Akasema yeye anashinda kazini. Aliyekuwa nyumbani ni mama mkwe wake, amekuja kumtunza mzazi, na mama mkwe ndiye aliyesema sababu ni mfuko. Kwa usalama, mtoto harudi tena kwa mama yake. Anataka mwanamke yule akamatwe leo.

Sindano aliuvuta mfuko karibu na dirisha. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, na uzi haukukatwa popote. Ndani palihisika kitu kigumu cha duara. Akaandika tarehe na saa, kisha: mfuko mmoja wa kitambaa, umeshonwa mdomo, haujafunguliwa. Akamsogezea fundi karatasi. Fundi akatia sahihi bila kusoma.

Mafuta yaliyoshonewa ndani ya mfuko hayampaki mtu, hata yawe na sumu ya nyoka. Lakini mwanamke alikuwa anaungua homa, na homa haisingiziwi. Sindano akachukua daftari lake akaenda hospitali.

Daktari wa wodi ya wanawake alikuwa msichana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpeleka pembeni, karibu na dirisha la muuguzi, akamwambia asipoteze muda kutafuta sumu. Lile lilikuwa jipu la titi. Mtoto anaponyonya, chuchu huchanika, mchaniko mdogo tu, na bakteria wanaokaa kwenye ngozi hupata mlango. Bakteria hao si wageni, alisema. Wako puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima ambao hawajui hata kama wanao. Zamani vidonge vya kawaida viliwamaliza. Siku hizi wapo waliokwisha kuvizoea vidonge hivyo, mtu anameza nao wanaendelea na shughuli zao.

"Mama huyu amemeza dawa ya zahanati siku tano, haikufua dafu," alisema. "Akabadilishiwa, yale yale. Sisi tumemwekea dripu tangu Jumapili, tumelipasua jipu, na bado homa iko palepale. Sasa bakteria wameanza kuingia kwenye damu."

Sindano aliuliza kama hakuna dawa nyingine. Daktari akasema zipo, lakini ni kali, zinaweza kuumiza figo, na hata hizo si zote zitakazofanya kazi. Usaha upo maabara. Bakteria huoteshwa kama mbegu, halafu hujaribiwa kwa dawa moja moja, na mbegu haivutwi shingo iote upesi. Jibu litatoka kesho jioni.

"Kesho ni mbali?"

"Kwa homa hii, kesho ni mbali sana." Daktari alitazama kitanda cha mwisho, alipolala mgonjwa amefunikwa shuka hadi kidevuni. "Nilimuuliza mumewe kama nyumbani kuna mwingine aliyepata jipu karibuni. Ningepata hata fununu ya kushikilia. Akasema hakuna."

Sindano aliliandika swali lile neno kwa neno. Mke mwenyewe alikuwa akiweweseka, hakuweza kuhojiwa.

Nyumba ya fundi ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, mapazia ya rangi ya zabibu, mito ya viti ya rangi hiyo hiyo, kila kitu kimeshonwa kwa kipimo. Mama mkwe alikuwa akimnywesha kichanga maziwa kwa kijiko. Alimkaribisha Sindano, akamwita mwanangu, na bila kusubiri kuulizwa akaanza kumchambua yule mshonaji kuanzia utosi hadi unyayo. Hakukubali kuachwa, alisema. Hupita barabarani akiwa na safari na akiwa hana. Jicho lake halijawahi kuhama katika nyumba hii.

"Binti yako aliyagusa mafuta, bibi?"

"Hakuyagusa. Aliutupa mfuko juu ya kabati, akasema hataki mkono wa yule mwanamke chumbani kwake."

"Basi yalimdhuruje?"

"Wivu una mkono mrefu, mwanangu. Hauhitaji kugusa."

Sindano aliomba kuona bafu. Nyuma ya mlango lilining'inia taulo moja kubwa la kijani, bichi. Alisimama pale akaliangalia. Binti wa fundi akaja, akanawa uso, akajifuta kwa taulo lile, na baada yake akaja bibi akakaushia mikono. Mtoto alipogeuka, Sindano aliona kwenye shavu la mguu wake kovu jipya, la waridi, limenyooka kama mstari wa rula. Mtoto akianguka hapati kovu la namna ile. Akachuchumaa.

"Hapa uliumia wapi?"

"Sikuumia. Lilikuwa jipu. Daktari akalipasua kwa kisu."

"Lini hiyo?"

Mtoto alifikiri. "Mdogo wangu alikuwa bado tumboni."

Akaeleza kwamba alilia kidogo tu. Alikunywa dawa tamu, haikusaidia, akapewa nyingine chungu. Kisha mama yake akafua mashuka yote kwa maji yanayochemka, akamnunulia taulo lake peke yake.

"Kwa mama kila mtu ana taulo lake," alisema. "Langu lina uzi wa njano. Hapa tunalo hili moja."

Bibi alisikia akacheka kidogo. Jipu tu, alisema. Mtoto gani hajawahi kuota jipu? Baba yake aliona bandeji wiki mbili nzima na hata hakuuliza mara ya pili.

Sindano hakucheka. Mtu hachemshi mashuka kwa ajili ya jipu tu. Aliyefanya hivyo aliambiwa jambo, na jambo hilo halikufika katika nyumba hii.

Mshonaji alikuwa na kibanda chake kati ya fundi viatu na duka la vioo. Sare za shule zilining'inia ukutani na futi ya kupimia ilimzunguka shingoni. Sindano alijitambulisha. Mwanamke akaitikia bila kuinua macho, mguu ukiendelea kukanyaga pedali, mpaka mfuko wa maua ulipowekwa juu ya meza. Hapo mguu ukasimama.

"Hawakuufungua," alisema.

"Wangefungua wangekuta nini?"

"Mafuta ya mtoto, ya dukani. Na karatasi."

Alinyoosha mkono kuchukua mkasi. Sindano akautangulia. Akamwita fundi viatu awe shahidi, akakata uzi mbele ya watu wawili hao, akatoa kopo. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umezunguka kifuniko. Chini ya kopo palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa kliniki.

Aliisoma akiwa amesimama. Usaha wa mguu wa mtoto umeotesha bakteria wa ngozi aliye sugu kwa dawa za kawaida. Dawa zilizoshindwa zimeorodheshwa, na zilizobaki zikifanya kazi, tatu, zimeorodheshwa chini yake. Wote wanaoishi na mtoto waarifiwe. Wasichangie taulo wala wembe. Yeyote atakayeota jipu au kidonda amwonyeshe daktari karatasi hii kabla ya kupewa dawa yoyote. Tarehe ilikuwa ya wiki saba zilizopita.

Alitoa simu akampigia daktari, akamsomea majina ya dawa herufi kwa herufi. Kisha daktari akaomba arudie ile mistari mitatu ya mwisho, akaomba picha ya karatasi, akakata simu bila kuaga.

Fundi viatu alirudi kwenye nyundo yake. Sindano akavuta kigoda, akafungua daftari.

"Karatasi ni ya wiki saba. Mfuko umetoka hapa Ijumaa."

"Najua."

"Wiki saba ulikuwa nayo wapi?"

"Kwenye mtoto wa meza, chini ya vifungo." Mshonaji aliishika futi kwa mikono miwili. "Usinitazame hivyo, afande. Nimezihesabu siku hizo kabla yako."

Akasimulia, na Sindano akaandika. Siku aliyoitwa kliniki kuchukua majibu ilikuwa Jumamosi, mtoto yuko kwa baba yake. Alitoka kliniki akaenda moja kwa moja, hata chai hakunywa. Alikuwa na hofu, si ya mtoto wake peke yake. Yule mwenzake alikuwa na mimba kubwa, na mimba ni mimba. Akafika upande wa pili wa barabara. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanamke yule alikuwa amekaa, tumbo mbele, na mtoto amesimama katikati ya magoti yake anachanwa nywele. Juu yao yalipepea mapazia aliyoyashona yeye mwenyewe alipokuwa mke pale.

"Nikasikia mwanangu anaita. Mama. Akaita tena. Mama." Sauti yake haikupanda. "Mume alimchukua na sikumlilia. Mume ni nguo, ikikukataa mwilini unashona nyingine. Lakini lile neno nililibeba tumboni miezi tisa, likanitoka na damu. Na yeye anakaa kitini anaokota tu. Nikageuka na karatasi yangu mkononi. Nikasema, kama mama ni yeye, basi ajue mwenyewe mtoto anaumwa nini."

"Halafu?"

"Halafu nikasema nitaipeleka kesho. Na kila kesho ilikuwa nzito kuliko jana yake. Ningeeleza nini? Kwangu nilichemsha, nikafua, nikatenganisha mataulo. Kule nikanyamaza. Wiki iliyopita mtoto akaniambia mama mdogo titi linamuuma, amemeza dawa hazimsaidii. Sikulala. Nikaitia karatasi chini ya kopo, nikashona mdomo ili mtoto asiichomoe njiani."

"Una simu."

"Ninayo."

"Hukupiga."

"Sikutaka kusikia sauti yake ikinishukuru."

Sindano akamsomea maelezo yake. Mshonaji alisahihisha sehemu moja tu, palipoandikwa saa nne badala ya saa tano, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri. Akauliza kama atakamatwa. Sindano akamjibu kweli: kifungu cha mwenye kutia sumu anakijua, cha mwenye kunyamaza itabidi akamuulize mwanasheria. Asisafiri. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, lakini hakurudi kwenye mashine.

Jumatano saa tisa alasiri homa ilikuwa imeanza kushuka. Dawa ilibadilishwa saa ile ile Sindano alipopiga simu. Majibu ya maabara yalitoka mapema kidogo kuliko yalivyoahidiwa, na daktari akayaweka sambamba na karatasi ya mtoto juu ya meza ya muuguzi. Palipoandikwa imeshindwa huku, imeshindwa na kule. Zile tatu za chini zilikuwa zile zile. Alisema hawezi kuapa, lakini kama ni mchezo wa karata, hizi zimetoka mkono mmoja.

Fundi wa friji alikuwa kwenye korido. Alitaka kujua kama mtalaka wake yuko mahabusu. Sindano alimweleza kuhusu jipu la binti yake, bandeji aliyoiona wiki mbili, taulo la kijani, na karatasi iliyokaa juu ya kabati lake siku nne ndani ya mfuko. Akamwonyesha pale alipotia sahihi kwamba mfuko haujafunguliwa. Fundi aliisoma mara hii.

"Kwa hiyo nimshtaki nani?"

"Kwanza kanunue mataulo," Sindano alisema. "Matano. Halafu wote mje mpimwe pua, wewe ukitangulia. Na kuhusu mtoto, mpigie mama yake simu umwambie atarudi lini."

Mke alikuwa amekaa akiegemea mito, midomo imekauka, akili timamu. Sindano alimuuliza kuhusu mfuko. Hakuukana. Alisema anaijua mishono ile, kwa sababu anaishi ndani yake. Mapazia ni ya yule, mito ni ya yule, hata shuka alilojifungulia. Mgeni akiingia neno lake la kwanza ni kusifu mapazia. Mume anasema kwa nini tutoe vitu vizima. Mtoto alipoleta mfuko, yeye aliona mishono ile ile.

"Nikasema, hata mtoto wangu mchanga anataka kumshonea? Nikautupa juu."

"Ungeufungua Ijumaa, Jumamosi daktari angejua."

"Nimeambiwa. Nimelala hapa nikilifikiri hilo."

Utaratibu ulimtaka Sindano ahakiki kila sehemu ya maelezo ya mshonaji, kwa hiyo akamsomea sehemu ya dirisha: Jumamosi, kiti, kuchana nywele, mtoto akiita mama mara mbili. Mke alimtazama kana kwamba amesomewa kesi ya mtu mwingine.

"Mimi hajaniita mama hata siku moja," alisema. "Nilimfundisha. Nilimpa peremende, nikamnunulia viatu. Hataki. Mimi ni mama mdogo na hapo ndipo mwisho."

"Kwa hiyo hakuita?"

"Aliita. Nakumbuka vizuri." Alivuta pumzi kidogo kidogo, maana kifua kilimuuma. "Nilikuwa namchana, akamwona mtu barabarani. Akanyoosha mkono dirishani akaita, Mama, Mama. Mimi na tumbo lile sikuweza kuinuka upesi. Nilipofika dirishani niliona mgongo tu wa mwanamke anayekwenda zake, nikajua ni nani. Mtoto alilia mpaka alipolala."

"Ulifanya nini?"

"Nilifunga dirisha. Niliona wivu, afande. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemchana, na anamlilia mgongo."

"Mumeo ulimwambia?"

"Ningemwambia nani kwamba mtoto amenikataa mbele ya barabara nzima?"

Sindano aliandika maneno yale yote, akampa asome, akapata sahihi yake. Kwa kesi, karatasi ile ya maelezo haikuongeza kitu. Tarehe zilikuwa zinajulikana, na kunyamaza kulikuwa kunyamaza. Angeweza kuiweka katika faili na kurudi kituoni. Badala yake alipita njia ya vibanda.

Mshonaji alikuwa anapachika kifungo. Aliposikia kwamba homa inashuka alifumba macho, akayafumbua. Sindano akafungua daftari, akamsomea maelezo ya mke kuanzia mwanzo wa Jumamosi, bila kuruka na bila kuongeza, kwa sauti ile ile anayosomea tarehe na saa.

Sindano ya mshonaji ilibaki nusu ndani ya kitambaa.

"Alinyoosha mkono upande gani?"

"Upande wa barabara. Ulipokuwa umesimama."

Mteja aliingia akaulizia sare ya mwanawe. Mshonaji akamkabidhi iliyokuwa karibu. Mteja akasema hii si yake, ni kubwa, na mshonaji hakuonekana kusikia. Sindano akamwambia mteja arudi kesho.

"Alilia muda gani?" mshonaji aliuliza.

"Mpaka alipolala."

Nje fundi viatu alikuwa akipiga nyundo, akaacha, akaanza tena. Sindano akasema mtoto yuko hospitali saa hii. Bibi yake amemleta kupimwa pua, wamekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, na wagonjwa wanaonwa mpaka saa kumi na mbili.

Mwanamke hakuaga, hakufunga mlango, hakuchukua hata mkoba. Sindano alipotoka nje kumtazama, alikuwa amekwisha kuvuka barabara na futi bado shingoni, akikimbia. Malapa yake yalibaki chini ya cherehani, moja limelalia jingine.